Mlezi D na Msahihishaji M

Mheshimiwa Meya wa Harrowbeck, pamoja na mkufu wako wa umeya ambao najua ni mzito kuliko unavyoonekana, Mkuu wa Chuo, Mwakilishi wa Chuo Kikuu kinachotunuku shahada hizi, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, wazazi, waume, wake, na watoto mliopewa biskuti ili mnyamaze na ambao mpaka sasa mmetimiza ahadi, na ninyi wahitimu kumi na tisa mliokaa mbele, ndani ya majoho ya kukodi ambayo hayajawahi kumtosha binadamu yeyote: habari za mchana.

Naitwa Hilary Threlfall. Nimefundisha somo la utafiti katika chuo hiki kwa miaka kumi na minane, na kwa sita ya mwisho nimesimamia kile tunachokiita mwaka wa kujazia. Nimeombwa nizungumze kwa dakika kumi na tano. Mkuu wa Chuo aliomba pia niseme jambo la kugusa moyo. Nilimjibu kwamba dakika kumi na tano naziweza.

Huenda wapo humu watu ambao hawakuwahi kuelezwa vizuri ndugu zao walikuwa wapi kila Jumanne jioni. Niwaeleze. Hawa ni watu wa kazi. Huyu ana miaka kumi akilea watoto wachanga, yule ana kumi na tano akimsaidia mwalimu darasani, mwingine anawaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia na kuwakumbusha majina ya wajukuu zao. Walisoma miaka miwili huku wakifanya kazi, wakapata shahada ya awali, wakaitundika ukutani pale ngazini. Halafu wakaambiwa, au wakajiambia, kwamba umebaki mwaka mmoja wa kuijazia mpaka iwe shahada kamili, yenye daraja la heshima, kama chai inavyojaziwa kabla kikombe hakijaisha. Tofauti ni kwamba chai hujaziwa na mtu mwingine nawe umekaa kitako.

Walikuja saa kumi na moja jioni wakiwa na rangi za watoto kwenye mikono ya sweta. Walikula pai za nyama na viazi juu ya vitabu vya maktaba, na maktaba ina ushahidi. Mimi nilisoma shahada yangu nikiwa na miaka ishirini, nikilala mpaka saa nne asubuhi, na bado nililalamika. Ni nani kati yetu tuliokaa jukwaani angeyaweza haya?

Desmond, aliyekaa pale pembeni, alisoma makala zake zote kwa sauti katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwa sababu mzee mmoja, Bi Agnes, mwenye miaka tisini na mmoja, aliwahi kuwa mwalimu mkuu na alikataa kunywa dawa mpaka asomewe kitu chenye maana. Mwezi wa pili Desmond akaanza kumsomea insha zake mwenyewe. "Hapo mwanangu umepiga kelele, hujasema kitu," Bi Agnes alimwambia kuhusu utangulizi wa insha ya pili. Nilikuwa nimeandika maoni hayohayo kwa maneno arobaini. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza chuo kinanilipa kwa sababu gani.

Lakini leo nataka kuwasimulia habari ya mhitimu mmoja tu, na hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Kwa kufuata kanuni ambazo mimi mwenyewe ndiye ninayezifundisha, nilimpelekea fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja na nusu. Alikubali nisimulie kwa sharti kwamba nisimtaje, na kwamba kuna ukurasa mmoja wa tasnifu yake nisiusome. Nitamwita kwa jina alilojipa mwenyewe katika tasnifu hiyo, yaani Mlezi D. Yumo humu ukumbini. Tafadhali msigeukegeuke.

Kuna mtu wa pili katika habari hii, mwalimu aliyesahihisha sura moja ya kazi yake. Huyo nitamwita Msahihishaji M. Yeye hakuomba kufichwa, lakini nimeona haki ni kuwagawia sawa.

Mlezi D amefanya kazi katika kituo cha kulelea watoto kwa miaka ishirini na miwili, na kwa muda huo wote amekuwa katika chumba kimoja, chumba cha wachanga, wale ambao hawajafika miaka miwili. Mwaka jana kituo kilipata wamiliki wapya. Wamiliki hao walitangaza kwamba kuanzia Septemba kiongozi wa chumba cha wachanga atakuwa mtu mwenye shahada kamili. Hawakuwa na ubaya naye. Walimpa mwaka mmoja. Akiipata, chumba ni chake. Akiikosa, ataletwa mtu kutoka nje, na yeye atahamishiwa jikoni kuandaa vitafunwa, mshahara uleule. Mtu mwingine angeshukuru kwa mshahara. D alijiandikisha siku iliyofuata.

Alichagua kuchunguza jambo dogo sana, nalo ni dakika ile ya asubuhi ambapo mzazi anamwacha mtoto. Kila mtu humu aliyewahi kumwacha mtoto kituoni anaifahamu. Mtoto analia, mama anatazama saa, mlezi anatabasamu. Katika kituo cha D palikuwa na utaratibu wake. Mlezi anamzubaisha mtoto kwa kitu cha kuchezea, na mtoto akishageuza shingo, mama anatoka kimyakimya kwa mlango wa pembeni. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Wengi wananyamaza mara moja. Utaratibu huo ulisifiwa sana.

D alikaa wiki sita akiandika alichokiona. Sasa, lazima mwelewe jinsi watu wa kazi hii wanavyoandika. Tangu siku ya kwanza kazini wanafundishwa kujaza karatasi ya uchunguzi, yenye tarehe, saa, herufi ya kwanza ya jina la mtoto, na kilichoonekana. Unaandika kwamba mtoto analia. Huandiki kwamba ana huzuni, maana huzuni hukuiona, umeikisia. Unaandika kwamba amemsukuma mwenzake. Huandiki kwamba ni mkorofi. Ni adabu nzuri ya uandishi, na ningefurahi waandishi wa magazeti wangeifuata. Na majina hayatajwi kamwe. Mtoto ni T, mtoto ni R, mlezi ni A au B.

Basi D akaandika. Mlezi A alipuliza mapovu ya sabuni. Mlezi B aliimba. Mlezi C alitoa kipande cha ndizi. Na kuhusu Mlezi D akaandika hivi, nanukuu: "Saa 2:40 asubuhi. Mlezi D amembeba mtoto T hadi dirishani. Mtoto T anamwona mama yake akivuka barabara. Mtoto T analia. Mlezi D anakaa sakafuni na mtoto T. Hampi kitu. Haimbi. Dakika kumi na moja. Mtoto T ananyamaza, anachukua kiatu cha Mlezi D, anakigonga sakafuni." Mwisho wa kunukuu.

Hiyo ilikuwa sura ya tatu. Katika chuo chetu sura ya tatu hukusanywa Februari na kusahihishwa kwa namba. Msahihishaji haoni jina la mwanafunzi na mwanafunzi haoni jina la msahihishaji. Tulibuni utaratibu huo ili haki itendeke, na kwa sehemu kubwa hutendeka.

Msahihishaji M alikuwa na kazi kumi na tisa za kusoma, naye aliisoma hii akiwa amefika ya kumi na saba. Pembeni mwa ukurasa wa thelathini na moja, kwa wino wa kijani, kwa sababu tumekatazwa wino mwekundu usije ukamvunja mtu moyo, M aliandika maneno haya: "Mlezi D ni wazi hana mafunzo. Kwa nini aliachwa peke yake na mtoto? Eleza." Na chini ya sura akaandika: "Hakuna uchambuzi. Mwandishi yuko wapi?"

Alama aliyotoa ilikuwa chini ya kufaulu.

Jumatano iliyofuata, saa sita na nusu mchana, D alibisha mlango wa ofisi yangu. Alikuwa amekuja wakati wa mapumziko yake ya chakula, bado na aproni, na mkononi ana fomu ya kujitoa masomoni. Ilikuwa imeshajazwa.

"Nimekuja kukuaga, mpenzi," alisema, maana D humwita kila mtu mpenzi. "Wewe tia saini hapo chini tu. Nina dakika ishirini, na kumi nimezimaliza kwenye ngazi zenu."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasimama. Saini."

Nikamwuliza kwa nini. Akatoa ile sura mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nne, akaifungua ukurasa wa thelathini na moja na kuiweka mezani kwangu.

"Soma mwenyewe. Hapo kwenye kijani."

Nikasoma. Nilipomaliza nikainua macho, nikatazama dari. Dari ya ofisi yangu ina doa la maji lenye rangi ya chai, na nakumbuka nililichunguza kwa makini.

"Huyu Mlezi D," nikasema, "ni nani?"

"Unafikiri ni nani? Ni mimi."

"Mbona hukuandika 'mimi'?"

"Si ninyi mlisema tusitaje majina? Mlisema kila mtu afichwe. Nami ni mtu. Nikajificha."

"Na mbona D? Wewe ndiye mwandishi. Ungeweza kuwa A."

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini havai taji. "A ni meneja, Hilary. B ana shahada. C ana stashahada na gari. Mimi nimejiweka mahali pangu."

Ndugu wageni, nimesahihisha makosa mengi katika miaka kumi na minane. Nimeona watu wakiiba kurasa, nimeona watu wakibuni takwimu, nimeona mmoja aliyemhoji paka. Sikuwahi kuona mtafiti aliyekaa wiki sita chumbani na daftari akijichunguza mwenyewe kana kwamba ni mtu mgeni, akajiandika yote aliyoyafanya bila kukosa hata dakika, na asijiulize hata swali moja. Ni kosa ambalo mtu wa fani nyingine hawezi kulifanya. Linahitaji miaka ishirini na miwili ya adabu.

"Mbona hukueleza kwa nini D alikaa sakafuni?" nilimwuliza.

"Ningejuaje anachofikiri D?"

"D ni wewe!"

"Mbele ya karatasi ni D. Tumefundishwa tuandike tunachokiona. Mimi nilimwona amekaa. Na huyo wa kijani naye kamwona amekaa, na kasema hana mafunzo. Miaka ishirini na miwili, Hilary. Nimefundisha nusu ya mji huu kutambaa. Labda kasema kweli. Labda nilikuwa nimekaa tu."

Hapo sauti yake ilibadilika. Sitasema alihisi nini. Nitasema kwamba alifunga aproni upya ingawa ilikuwa haijafunguka.

Sikusaini. Ningependa kuwaambia kwamba nilisema jambo la busara, lakini nilisema la kanuni, maana ndilo nililokuwa nalo. Nilimwambia kwamba mtafiti asiyejua sababu ya tendo la mshiriki wake ana njia moja halali iliyoandikwa kwenye mwongozo wa somo, ukurasa wa tisa.

"Ipi?"

"Amhoji."

"Nimhoji nani?"

"Mlezi D. Mwandikie maswali, mpe fomu ya ridhaa, panga muda, mhoji, andika majibu. Kuuliza si ujinga."

"Nijihoji mwenyewe?" Alicheka mpaka akakaa, na kama alivyotabiri, hakusimama upesi. "Mume wangu akinikuta jikoni najihoji na kujijibu, kesho mtanifuata hospitali."

"Basi jihoji kwa kalamu. Una mpaka tarehe kumi na nne Machi kurudisha sura."

"Na huyo wa kijani ndiye atakayeisoma tena?"

Nikatazama dari. "Inawezekana," nikasema.

Akaichukua fomu ya kujitoa, akaifuta makombo, akaikunja. Hakuichana. "Nitaiweka," alisema. "Nikishindwa kujijibu, naileta." Akatoka, akiwa amechelewa kwa dakika tatu, jambo ambalo baadaye aliniambia halijawahi kumtokea.

Tarehe kumi na nne Machi sura ikarudi. Ilikuwa na kiambatisho cha kurasa sita, kichwa chake "Mahojiano na Mlezi D," maswali kumi na moja na majibu kumi na moja, yote kwa mwandiko wa mtu mmoja. Fomu ya ridhaa ilikuwa imetiwa saini mara mbili, kama mtafiti na kama mshiriki, na saini zilitofautiana kidogo. Swali la kwanza lilikuwa: "Una mafunzo?" Jibu: "Ninayo." Swali la pili: "Uliachwa peke yako na mtoto kwa nini?" Jibu: "Kwa sababu wananiamini." Jibu la swali la tatu ndilo ule ukurasa ambao D ameomba nisiusome, nami sitausoma. Niseme tu kwamba baada ya jibu hilo kurasa zilizobaki zilijaa uchambuzi wa aina ambayo walimu wa somo hili huiomba miaka nenda miaka rudi na mara chache huipata. Alieleza kwa nini mlango wa pembeni hunyamazisha mtoto lakini haumtulizi. Alirudi kwenye madaftari yake akaonyesha kwamba wale watoto waliopuliziwa mapovu walikuwa wakigeuka kuutazama mlango mchana kutwa, na T hakuutazama tena. Yote hayo alikuwa ameyaona tangu mwanzo. Alikuwa hajapewa ruhusa ya kuyafikiri.

Msahihishaji M aliisoma sura hiyo siku ya Jumamosi. Safari hii hakuandika kitu pembeni. Alama aliyotoa ilikuwa ya kufaulu vizuri, na tasnifu nzima ilipokamilika, msomaji wa pili kutoka nje ya chuo aliiongezea.

Karatasi niliyoiandika Jumapili iliyopita inaishia hapa, kwa sentensi mbili za kuwapongeza wote na methali moja kuhusu elimu, ambayo mnaijua. Nitakayosema sasa yameandikwa nyuma ya ratiba ya leo, kwa kalamu ya kuazima, dakika ishirini kabla hatujaingia. Mheshimiwa Meya, naomba radhi. Dakika kumi na tano sitaziweza.

Leo, tulipokuwa tukivalishana majoho katika chumba cha nyuma, Mlezi D alinishikisha ile fomu yangu ya ridhaa. Alikuwa amefuta herufi. Juu yake ameandika jina lake lote kwa herufi kubwa, kama wanavyoandika kwenye vigingi vya kutundikia makoti ya watoto. GAYNOR DUXBURY.

"Nimeshamwambia mama," alisema. "Jana, tukila. Sasa sema. Na ule ukurasa usome."

Basi nausoma. Swali la tatu: "Kwa nini unamwacha mtoto aone mama yake akiondoka?" Jibu: "Baba yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Siku ya mazishi shangazi alinichukua kwenda kununua chipsi. Wakati tunatoka, mapazia ya mtaa mzima yalikuwa yamefungwa, kama ilivyokuwa desturi mpaka maiti apite. Tuliporudi yalikuwa yamefunguliwa na watu walikuwa sebuleni wakila. Ndivyo nilivyojua kwamba baba ameshapelekwa. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeniambia. Walinitaka nisilie, na sikulia. Tangu siku ile sipendi mtu atolewe kwa mlango wa pembeni."

Mama yake ni Bi Noreen Duxbury, aliyekaa mstari wa tatu na mkoba magotini. Sasa mnaweza kugeuka. Ndiye aliyemtuma shangazi siku ile, kwa kumwonea mtoto huruma, kama mtaa mzima ulivyofanya enzi zile. Kwa sababu yake binti yake alitaka kubaki herufi. Hakutaka mama asikie ukumbini, mbele ya Meya, jambo ambalo hawakuwahi kulizungumza kwa miaka arobaini na miwili. Jana jioni akamwambia. Gaynor anasema mama aliweka uma chini.

"Najua," Bi Noreen akasema. "Jumatatu yake nilikuta chipsi tano kwenye mfuko wa koti lako jekundu. Zimeganda."

"Zilikuwa za baba."

"Najua, mpenzi. Ndiyo maana sikukuuliza."

Nimeruhusiwa kusema hayo na wote wawili. Bi Noreen ameweka saini yake chini ya ile ya binti yake, na kando yake ameongeza kwamba angependa nizungumze kwa sauti, maana sikio lake la kushoto halifanyi kazi. Natumaini nimesikika.

Limebaki jambo moja. Nilipomaliza kuisoma fomu, Gaynor alikuwa akininyooshea kola ya joho, kwa mkono uleule anaowanyooshea watoto wote.

"Na yule wa kijani," akasema, "utamtaja?"

"Nimemwita M."

"Hilary." Akaendelea kuninyooshea kola. "Mimi nimekaa na watoto miaka ishirini na miwili. Wawili wanalia, mmoja ana alama za meno, hakuna anayesema. Huhitaji kuuliza. Aliyeng'ata huwa anaangalia dari."

Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Jumatano ile, tangu nilipolitazama doa la dari mara ya kwanza. Na bado alikuja Jumanne iliyofuata, na kila Jumanne baada ya hiyo, akakaa mbele, akaniuliza maswali, akaniletea keki ya tangawizi mwezi wa Aprili. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi niliyetenda sikusahau hata siku moja, na nilinyamaza kwa sababu utaratibu uliniruhusu kunyamaza.

"Mbona hukusema?" nilimwuliza.

"Huwa hatumlazimishi mtoto kuomba radhi," alisema. "Ukimlazimisha anajifunza neno tu. Unakaa naye. Unangoja aseme mwenyewe."

Ndugu wageni waalikwa, Msahihishaji M ni mimi. Niliyesema Mlezi D hana mafunzo ni mimi, mtu ambaye hajawahi kukaa sakafuni na mtoto wa mtu mwingine hata dakika mbili, na ambaye kwa miaka miwili alimwacha mwanawe kituoni kwa mlango wa pembeni, akijisifu kwa majirani kwamba hakuwahi kumwona akilia. Bila shaka sikumwona. Nilikuwa nimeshaondoka. Niliisoma sentensi ile ya dirisha siku ile nikakasirika, na hasira hiyo nikaiita kukosekana kwa uchambuzi. Niliuliza pembeni mwa ukurasa mwandishi yuko wapi. Yeye alikuwa pale sakafuni, kiatu kimoja mguuni. Niliyekuwa nimejificha nyuma ya herufi ni mimi.

Mnisamehe kwa kumsimulia M kwa nusu saa kana kwamba ni mtu wa mtaa wa pili. Nilidhani huko ndiko kuwa mtafiti.

Gaynor, naomba radhi. Nakosea kusema hivyo huku nikitazama karatasi, basi ngoja niinue macho. Sitazami dari. Nakutazama wewe. Naomba radhi.

Kwa wahitimu wote kumi na tisa, mkirudi kazini Jumatatu, mtaendelea kuandika mnachokiona, nami nawaombeni muendelee. Ila mjue sasa mna karatasi inayosema, kwa muhuri wa Chuo Kikuu, kwamba mnaruhusiwa pia kusema mnachokifikiri, na kwamba A, B na C wanapaswa kukaa na kuwasikiliza. Gaynor Duxbury anakishika chumba cha wachanga tarehe mosi Septemba. Mlango wa pembeni, ameniambia, utazibwa kwa kabati.

Nawashukuru Mheshimiwa Meya, Mkuu wa Chuo, na Mwakilishi wa Chuo Kikuu kwa uvumilivu. Nawashukuru wake na waume mliopika kila Jumanne. Nakushukuru Bi Noreen kwa saini yako. Na kwa kuwa hapa mbele wamekaa watu wanaojua kujaza karatasi ya uchunguzi, naomba mmoja wenu aijaze hii kabla hatujaenda kunywa chai, bila kuongeza wala kukisia: Saa 8:52 mchana. Mtoto H, miaka sitini na mbili. Amesema mwenyewe. Hakushikwa mkono.

Asanteni kwa kukaa nami mpaka nikasema.